Mkeka wa Bibi na Hema Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimeanza maisha mapya. Hakuna kukopa tena. Hata kiberiti! Nimemwambia mke wangu Lupe, naye akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Binti yetu Siale anatimiza mwaka Jumamosi. Tumekubaliana: nguruwe mchanga mmoja wa kuoka, viazi vikuu, keki, sala, basi. Mshahara wa karani wa bandarini unatosha. Nimejisikia mwepesi kama nyoya.

Jioni nimeenda kunywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, na wenzangu. Jirani yangu Kelepi alikuwepo. Mwanawe alipotimiza mwaka alisimamisha hema, na mpaka leo mji wetu mzima wa Nuku'alofa unasimulia habari za hema hiyo. Akaniuliza mbele ya watu kama na mimi nitasimamisha hema, au wageni waje na miavuli. Watu wakacheka. Nikasikia sauti ikisema: hema mbili. Zenye taa.

Sauti ilikuwa yangu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mwenye hema anataka pesa kwanza. Eti ananijua. Dharau gani hii!

Nimewaza kuuza mashine ya boti iliyo chini ya kitanda. Nimeghairi. Sina boti, kweli, lakini siku nikiipata nitaonekana mjinga sana bila mashine.

Lupe ana mkeka wa urithi alioufuma bibi yake, mwororo kama kitambaa, na kwetu mkeka wa namna hiyo ni mali. Umekunjwa kabatini, haufanyi kazi yoyote. Nimeupeleka kwa Bi Fusipala, anayetoa pesa kwa rehani. Ameupapasa, ameunusa, amehesabu noti. Huu si mkopo. Mkeka umekwenda kutembea tu, mwisho wa mwezi utarudi. Kabatini nimeacha blanketi, nimelikunja vilevile. Kazi safi kabisa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Balaa! Dada yangu Vaimoana anakuja kutoka Auckland. Kwetu shangazi wa mtoto ndiye mkubwa wa shughuli. Anakaa mbele, anachukua anachotaka, na kaka mtu hana mdomo. Lupe amesema, uso unang'aa, kwamba atamfunika Siale kwa mkeka wa bibi, kisha amkabidhi wifi yake mkeka huo mbele ya watu wote.

Nimesema ni wazo zuri sana. Kisha nimeenda nyuma ya nyumba kukaa kidogo na nguruwe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemwomba Bi Fusipala aniazime mkeka kwa siku moja. Amekataa. Nimelisifia gauni lake. Amekataa. Nimemweleza habari za nguruwe wa kuoka, ngozi yake kavu, inalia mdomoni. Ameuliza nguruwe wangapi. Nimesema watatu. (Wawili nimewachukua kwa binamu, nguruwe si pesa, kwa hiyo si deni.) Amekubali, ila kwa sharti: na yeye anakuja, anakaa karibu na mkeka, na sherehe ikiisha anaondoka nao. Vaimoana nitamwambia umekwenda kuanikwa. Mimi ni hodari!

Jumamosi, 11 Oktoba

Hema mbili zimesimama. Taa zinawaka mchana! Kelepi amepita nje mara kadhaa akijifanya anatafuta kuku.

Mkeka niliurudisha kabatini alfajiri. Bi Fusipala nikamtambulisha kuwa ni ndugu wa mbali. Lupe akauliza wa upande gani. Nikasema upande wa mbali.

Sala ikaisha. Lupe akamleta Siale amefunikwa mkeka, akamweka mapajani mwa Vaimoana. Dada machozi yakamlengalenga. Akaukunja mkeka, akautia kwapani. Bi Fusipala akainuka, akashika ncha ya pili.

"Mama, achia," dada akasema.

"Achia wewe. Kaka yako kauweka rehani kwangu."

Mchungaji akaacha kutafuna.

Lupe akanigeukia. "Feleti. Mkeka wa bibi? Ule alioufuma macho yake yakiwa yanaelekea kuzima?"

Hakupiga kelele. Heri angepiga kelele. Nilijiona mdogo kuliko Siale.

Dada akauliza nilifanya hivyo kwa ajili ya nini. Nikasema hema. Akauliza ipi. Nikasema zote mbili.

Vaimoana akatazama hema ya kwanza. Akatazama ya pili. Akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi Bi Fusipala amshike asianguke. Kisha akajifuta macho, akasema kwa sauti ya ukubwa:

"Haya. Una kitu gani cha thamani humu ndani?"

"Sina, dada."

"Ana mashine ya boti chini ya kitanda!" Lupe akasema. "Najigonga nayo kidole kila ninapofagia!"

Watu wakapiga makofi. Dada akaamuru itolewe, akaipigia mnada palepale. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Kelepi, asije akaonekana hana pesa. Akalipa noti za pa'anga taslimu mbele ya wote. Na yeye hana boti!

Bi Fusipala akapata chake chote, na binamu akapata cha nguruwe. Mama wa rehani akaketi, akaomba paja la nguruwe. Vaimoana akaukunjua mkeka, akamfunika nao Siale mabegani. "Nimeshaupokea, ni wangu," akasema. "Sasa nampa mtoto. Mtoto, umesikia, Feleti? Si baba yake."

Lupe akalia na kucheka kwa pamoja. Wanawake wakaanza kuimba, dada akainuka kucheza, na hema zote mbili zikajaa. Lupe akanivuta nicheze naye. Akanikanyaga makusudi. Akanikanyaga tena. Halafu akanishika mkono, hakuuachia. Siku tamu kuliko zote!

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani. Nimetubu kwa dhati, na kwa sauti, ili Lupe asikie. Amesema msamaha kamili labda Jumatano. Nimeapa mbele yake: sidaiwi, na sitadaiwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Habari njema! Nimekutana na mkuu wa bendi ya tarumbeta. Kumbe mji mzima unajua nimemaliza madeni. Amenipa mkono, akasema mtu asiyedaiwa ndiye mtu wa kukopeshwa. Sikuwahi kulitazama jambo hili hivyo! Miaka yote hii nilikuwa nanyimwa mikopo kwa sababu ya madeni tu.

Mwakani Siale anatimiza miaka miwili. Hakuna mtu Tonga nzima anayefanya sherehe ya mwaka wa pili. Ndiyo maana Kelepi hajaiwazia. Nimeagiza bendi nzima, pamoja na ngoma ile kubwa inayobebwa na watu wawili. Kulipa kidogo kidogo.

Lupe sijamwambia. Furaha kubwa namna hii haifai kumpa mtu ghafla.