Kuinama kwa Kappa wa Mtaa wa Yanagi

Tegeni masikio, enyi mliokaa na mliosimama, zimeni simu zenu, wapeni watoto kitu cha kutafuna wanyamaze, kwani nawasimulia vita ambavyo havikumwaga damu hata tone, bali maji, na maji yenyewe hayakujaa bakuli! Mimi niuzaye viatu katika kona ya Mtaa wa Yanagi niliviona kwa macho yangu, nikiwa nimepanda juu ya kiti, na atakayenibishia aje dukani tubishane.

Alikuwapo shujaa, Hidenori wa ukoo wa Tsukamoto, Bwana wa Wino, mchora mazimwi katika majarida ya katuni, ambaye kalamu yake iliumba miavuli yenye jicho moja na mbweha wenye mikia lukuki. Jabali hilo lisilotishwa na jini lolote lilitishwa na mwanamke mmoja, Mama Chisato, muuza achari, mzazi wa binti aliyempenda. Kwani siku alipopelekwa kutambulishwa, Hidenori alimwona paka dirishani, akaanza kumchora kichwani mwake, akasahau kuinama kumsalimu mama. Akasahau kuinama, jamani! Mama yule akakata hukumu: "Mtu asiyejua kuinamisha kichwa hanichukulii mwanangu." Mwaka mzima mlango ukawa umefungwa, na Chisato akawa analia jikoni.

Ikawadia sikukuu ya mto. Siku hiyo mtu mmoja huvaa vazi la kappa, zimwi la mtoni lenye gamba la kobe mgongoni na kisahani cha maji utosini, akatembea toka hekaluni hadi darajani. Maji yakifika, watoto huogelea msimu mzima. Yakimwagika, kappa ameishiwa nguvu na mto hufungwa. Mvaaji haruhusiwi kutamka neno. Na sisi tunampungia mikono tu, hatumwinamii kamwe, maana kappa ni zimwi lenye adabu: akiinamiwa, lazima naye ainame. Mwaka huu Mzee Ogata, mwenyekiti wetu na mvaaji wa siku zote, aligomewa na goti, naye akamvika Hidenori, mtaa mzima ukiona.

Akatoka! Jua la Julai likamshukia, sponji ya vazi ikamkaanga, naye akasonga mbele kwa shingo iliyonyooka, akampita mbwa wa muuza samaki aliyembwekea, akazipita kamba za mabendera zilizotaka kumnyonga.

"Kappa wa kwenye kadi zangu za mazimwi ana nguvu kuliko joka!" akapiga kelele Natsume, binti wa kinyozi. "Huyu mbona anatembea kama mjamzito?"

"We mtoto, usimtukane zimwi!" akafoka Mzee Ogata.

Ndipo mbele ya duka la achari akasimama Mama Chisato, ndoo mkononi na kata mkono wa pili, akiinyunyizia barabara maji ipoe. Akamtazama kappa juu mpaka chini.

"Hili ndilo kappa? Enzi zetu lilivuta watu majini. Siku hizi linauza aiskrimu."

Kisha akaweka ndoo chini, akaweka mikono mapajani, akainama mpaka kiunoni.

Mzee Ogata akashika kichwa. "Mama Chisato! Utatuulia mto!"

"Nasalimia tu, Mwenyekiti," akajibu akiwa bado ameinama. "Kusalimia nako kumekuwa kosa?"

"Mama, jamani!" akalia Chisato mlangoni.

Aliniambia baadaye Hidenori kwamba ndani ya sponji alihutubia hivi: "Ewe shingo yangu! Mbele yako watoto na mto wao, mbele yako mama wa Chisato. Ukikaza, nimemkosa Chisato milele. Ukilegea, nitazomewa hadi uzeeni. Basi legea, ewe shingo, nami nizomewe!"

Akainama. Akainama chini kuliko alivyowahi kuinama mtu yeyote wa ukoo wake, na maji yakamwagika puu miguuni pa Mama Chisato. Watoto wakaangua kilio. Shujaa hakuinuka, watu wakadhani anaigiza vizuri, kumbe gamba limemlemea kweli.

"Mjazieni!" akapayuka Natsume. "Ukimjazia kappa kisahani chake anakutumikia mpaka kufa! Imeandikwa kwenye kadi!"

"Kadi si desturi!" akasema Mzee Ogata.

"Ni kweli hayo," akasema Mama Chisato polepole. "Bibi yangu alinisimulia kabla kadi hazijazaliwa." Akachota kata moja ya maji, akawageukia watoto. "Mpaka kufa, eti?"

"Mpaka kufa!" wakaitikia wote.

Akamshika kappa mdomo wa vazi, akamwinua kichwa taratibu, akamjazia utosi mpaka ukafurika. Nikaona macho ya mama yule yamelowa, na hayo hayakuwa maji ya ndoo.

"Haya, baba, sasa wewe ni wangu. Peleka maji darajani, kisha uje nyumbani. Kuna mapipa ya achari ya kubeba, na kuna mtu humu ndani amechoka kulia."

Mzee Ogata akaangalia pembeni, akatangaza kwamba maji ni maji. Tukamsindikiza shujaa kwa ngoma hadi darajani, watoto wakajitosa mtoni na nguo zao. Basi na wajue wajukuu wa wajukuu wa Mtaa wa Yanagi: huyo ndiye Hidenori, aliyemwinamia mama mkwe na gamba la kobe mgongoni, akamwaga maji yote, asimwage ndoa!