Nani Kaiba Ripoti Yangu?

Jumatatu, 4 Machi
Mkurugenzi kabadilisha kompyuta zote za ofisi. Sasa zinaendeshwa na Linux, si Windows tuliyoizoea. Akauliza nani anaijua. Mkono wangu ukapanda wenyewe! Nikasema nimeitumia miaka. Kusema kweli, jina lenyewe nimelisikia leo saa nne asubuhi. Ijumaa anachagua msimamizi wa kompyuta, naye atapewa ofisi yenye mlango. Miaka kumi na moja nakaa koridoni, kila apitaye ananigonga kwa makabrasha! Karani wa masjala, jirani yangu wa dawati, katabasamu. Ana lake jambo huyu.

Jumanne, 5 Machi
Mashine inataka neno la siri. Naandika, hakionekani kitu. Hata nukta. Kibodi imechezewa! Karani alipotoka kuwachukua mapacha wake shule, nikabadilisha: yake kwangu, yangu kwake. Bado. Kumbe kaichezea na yake ili nisimshuku. Mjanja!

Nimeuliza kwenye jukwaa la wanaoanza, mtandaoni. Najiita Gwiji. Kanijibu mmoja anayejiita Mama Mapacha: neno la siri halionyeshwi makusudi, ili aliye nyuma yako asilione. Niandike tu, nibonyeze Enter. Imekubali! Mama wa watu, mstaarabu kweli. Nikageuka kuangalia nyuma. Ukuta. Siuamini.

Jumatano, 6 Machi
Mke wangu kashauri nimwambie mkurugenzi ukweli. Yuko upande wa nani?

Ripoti ya leseni za biashara, ambayo mkurugenzi ataikagua Ijumaa kabla ya kuchagua msimamizi, imekamilika, kurasa arobaini. Ndiyo itakayonipa mlango. Nimemuuliza Mama Mapacha nitaifichaje, maana hapa ofisini kuna mwanamke mmoja wa masjala ananiwinda. Alichelewa kidogo kujibu. Halafu akasema niweke nukta mbele ya jina la faili, litajificha. Akaendelea na maelezo marefu, sikuyasoma. Nimeweka nukta. Nalala usingizi wa pono leo.

Ijumaa, 8 Machi
NIMEIBIWA! Nimefungua folda mbele ya mkurugenzi: tupu. Nikasimama, nikamnyooshea karani kidole, nikataka apekuliwe mkoba. Karani hakukasirika hata kidogo. Kainama kwenye mashine yangu, kabonyeza vitufe viwili, na ripoti ikatokea palepale.

"Haikuibiwa, kaka," akasema. "Umeificha mwenyewe."

Mkurugenzi akamuuliza kajuaje. Akajibu kwamba kila jioni huwasaidia wageni wa Linux mtandaoni, na swali hilo linaulizwa sana. Mkurugenzi akampa ufunguo wa ofisi hapohapo. Nimeumia, sifichi. Nilishachagua hata mahali pa kutundika koti.

Jumatatu, 11 Machi
Mlango wake una kitasa cha shaba. Kila ukifungwa, nausikia.

Nimemwandikia Mama Mapacha yote ya Ijumaa, bila kuficha. Kanipa pole. Kasema kuuliza si aibu, na maelezo nisome mpaka mwisho. Kisha akaniomba nirudishe kibodi ya watu, herufi M kwenye hii niliyoiacha inakwama.

Habari za kibodi sikumwambia mtu! Jibu ni moja tu: karani anachungulia mazungumzo yetu. Maskini Mama Mapacha, hajui hata anachezewa.

Nimebadilisha neno la siri mara moja. Jipya nimempelekea Mama Mapacha anihifadhie. Angalau yupo mtu mmoja wa kuaminika.