Ufagio Niliomtikisia Carlos

Leo asubuhi uvumilivu wangu umekatika, na heshima yangu ikafuata nyuma yake. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaipata kwa watu, maana nusu ya majirani walikuwa dirishani.

Mimi nina mmea. Mliowahi kufika kwangu hapa Agincourt, mtaa wetu wa huku ughaibuni, mnaujua: ule unaotambaa kwenye uzio karibu na mapipa ya taka, wenye maua ya zambarau makubwa kama visahani vya chai. Unaitwa klematisi. Niliupanda nikiwa na mimba ya Neema, ule mwaka wangu wa kwanza katika nchi hii, nilipokuwa nikifungua pazia nalia. Aliyenipa kipande chenye mizizi ni Bi Shirin, jirani yangu wa mlango wa pili. Ni mzaliwa wa Mwanza, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Kile kipande nikakichomeka ardhini bila matumaini. Kikashika!

Sasa mmea huu una tabia moja ya kutesa watu. Baridi ikiingia, unakufa. Yaani unakauka wote, unabaki njiti za kahawia kama kuni za kuwashia jiko. Kila mwaka nafunika mizizi kwa majani makavu na gunia, nafunga njiti kwenye uzio kwa uzi mwekundu wa sweta, halafu nangoja. Na kila mwaka theluji ikishayeyuka, njiti zile zile zilizokufa zinatoa vichipukizi. Siku hiyo ndiyo najua nimevuka. Watu wa hali ya hewa waseme wanavyotaka, baridi yangu mimi inaishia pale.

Kwa hiyo kwangu sheria ni moja: usiguse. Hata Bi Shirin, kila mwaka ananiambia, "Kata, binti yangu, kata mpaka usawa wa magoti," namwitikia kwa mdomo tu. (Nikate kitu ambacho hata sijui kama kiko hai? Thubutu!)

Haya. Leo asubuhi nafagia ngazi za mbele. Nina gauni la kulalia, juu yake koti la baridi, miguuni soksi na kandambili. (Msinione, nilijua sitafika mbali.) Mkononi nina ufagio mpya. Ameutengeneza mama mkwe wangu, aliyekuja mwezi wa pili kutoka Dodoma kutusalimia, na ambaye tangu afike ana lalamiko moja tu kuhusu nchi hii. Si baridi. Ni fagio.

"Haya mabrashi yenu ya plastiki yanaubembeleza uchafu," anasema.

Jana nikamkuta kajifungia wake. Njiti ndefu, ngumu, kiunoni kauzungushia kipande cha kanga kuukuu. Jamani, unafagia huo! Mchanga na chumvi walivyotumwagia wakati wa theluji ili tusiteleze vinaruka vyenyewe. Nikamsifu mama mpaka akaona haya. (Njiti kazitoa wapi? Sikuuliza. Mtu kakutengenezea ufagio unaofagia, unaanzaje kumhoji?)

Nikamaliza ngazi, nikazunguka pembeni kumwaga taka. Huko mapipani siendi mara nyingi, hiyo ni kazi ya Baba Neema.

Uzio mtupu.

Nikasimama. Nikatazama juu, nikatazama chini. Mmea wangu umekatwa! Vimebaki visiki vyembamba vimesimama kama miguu ya meza iliyokosa meza.

Na nani anatokea kwenye kona muda huo huo, mashine ya kukatia nyasi begani, anapiga mluzi? Carlos.

Carlos ni msimamizi wa nyumba tunazopanga. Mwaka jana mashine yake hiyo hiyo ilinyoa mchicha wangu, nikanyamaza. Baridi nzima anasukuma theluji yenye chumvi juu ya kitalu changu, nikanyamaza. Leo sikunyamaza.

"Wewe!" nikamwita, kwa Kiingereza changu cha hasira, ambacho kinakosa sarufi lakini kina sauti. "Umeniulia mmea wangu!"

"Mmea gani, mama?"

"Huu!" Nikaunyooshea kwa ufagio. "Ulikuwa hapa, sasa uko wapi?"

"Mimi sijakata kitu. Mwaka huu hata mashine sijaiwasha, ndiyo kwanza naitoa stoo."

"Muongo! Mchicha wangu nao ulijikata wenyewe?"

Hapo madirisha yakaanza kufunguka. Na mimi nikiona watu nazidi. Nikampa ya mchicha, nikampa ya chumvi, nikampa mpaka ya lile pipa lisilofunga, ambalo kusema kweli tumelivunja sisi. Kila neno nalisindikiza na ufagio, natikisa mbele ya pua yake, vumbi linamwingia kwenye ndevu. "Leo leo naenda ofisini kwenu! Napeleka malalamiko rasmi! Rasmi, unanisikia?"

Carlos masikini karudi nyuma mpaka mgongo umegota kwenye uzio. Macho hayako kwangu tena. Yako kwenye ufagio.

"Mama," akasema taratibu, kama mtu anayeongea na mbwa asiyemjua. "Hicho chekundu ni nini?"

"Chekundu kipi?"

Nikatazama.

Kwenye njiti moja ya ufagio, katikati kabisa, kulikuwa na uzi mwekundu wa sweta. Umefungwa mafundo mawili. Mafundo yangu mimi. Pembeni yake kuna vichipukizi viwili, kimoja kulia kimoja kushoto, vina manyoya laini, vinaanza kuwa kijani.

Nimefagia kwa mmea wangu! Nimeusifu! Na nimemtikisia mtu maiti usoni namuuliza ameipeleka wapi!

Ningenyamaza pale pale labda ningejinusuru. Ningesema ni bahati mbaya, nikajirudia ndani. Lakini mlango wa nyuma ukafunguka, mama mkwe akachungulia, kajitanda vitenge viwili na blanketi la Neema.

"Mama Neema," akaita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "ukimaliza ugomvi wako unirudishie ufagio, nina vumbi huku."

Carlos hajui Kiswahili. Lakini mama alikuwa anaunyooshea ufagio kidole, na hilo halihitaji mkalimani. Carlos akacheka mpaka akaegemea mashine. Madirishani nako wakacheka. Mimi nikabaki nimeshika ufagio kama bibi harusi aliyekimbiwa na bwana harusi.

Bi Shirin akatoka na kikombe chake cha chai. Nikajua amesikia yote.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nani kakata?"

"Mama mkwe."

Akainama kwenye vile visiki, akavaa miwani, akavishika kimoja kimoja. Utani pembeni, jamani. Ule mmea ndio ulionishika mkono mwaka ule ambao sikuwa na mtu mwingine wa kunishika. Kama ungekuwa umekufa, sijui ningefanyaje.

"Kakata vizuri sana," Bi Shirin akasema.

"Eti?"

"Aina hii maua hutoka kwenye tawi jipya la mwaka huu. Ukiacha njiti za zamani, unapata ua kule juu tu, na chini miguu mitupu. Si mwaka jana ulikuwa unalalamika maua yote anayaona yule wa ghorofani? Tazama hapa."

Nikachuchumaa. Chini ya mkato, kwenye kila kisiki, kuna vichipukizi. Viwili viwili, vinene, kijani kabisa. Na ardhini pembeni kuna kingine kipya kinachomoza, chekundu kama kidole cha mtoto mchanga.

Nikalia. (Nikamwambia Carlos ni vumbi la ufagio.)

"Mkwe wako ana mkono wa bustani," Bi Shirin akasema. "Mimi miaka yote nasema kata, kata. Yeye kafika, kakata."

Nikamwomba Carlos radhi mbele ya madirisha yote, moja moja: ya mmea, ya vumbi, ya pipa. Ya mchicha nikamwambia hiyo sikuombi. Akasema ni haki yangu. Akaahidi chumvi ataimwaga upande mwingine. Nikampelekea chapati, akanipungia mkono kwa mbali. (Nadhani alitaka kuhakikisha sijaja na ufagio.)

Nikarudi ndani kwa mama. Najua mnangoja niseme nilimfokea. Nani anamfokea mama mkwe? Nikakaa naye mkekani nikamuuliza kwa adabu: "Mama, zile njiti ulijuaje zimekufa?"

"Mimi nitajuaje mimea ya barafu? Niliuliza kwanza. Nilimuuliza mwanangu, akasema, 'Kata tu mama, hiyo imekufa zamani, mke wangu anaifunga nyuzi kwa mazoea.'"

Kwa mazoea!

Nimemngoja Baba Neema arudi kutoka kazini. Amekula, ameshiba, hana habari. Ndipo nikajifunga kanga vizuri, nikapiga goti mbele ya mama yake, nikapeleka malalamiko rasmi niliyoapa kuyapeleka leo, ila kwenye ofisi inayohusika:

"Shikamoo mama. Nimekuja kumshtaki mwanao. Ameishi na mmea wangu tangu Neema hajazaliwa, ameona ukikauka na kufufuka kila mwaka, na bado amekutangazia kwamba umekufa. Kwa maneno yake hayo nimemtukana mtu asiye na kosa nikiwa na gauni la kulalia. Namsamehe, kwa sababu mmea uko hai. Ila naomba, mama, kuanzia kesho ngazi afagie yeye, na afagie kwa ufagio ule ule, mpaka siku ua la kwanza litakapofunguka."