Hotuba ya Mama wa Bibi Harusi Kuhusu Kadi ya Terabaiti Mbili

Ni feki! Kadi ya memori iliyobeba video ya harusi nzima ni feki, na aliyegundua ni mwanangu mwenyewe, bibi harusi, keki haijaisha hata kwenye friji!

(Kijiko kinaanguka.)

Baada ya kusema hayo, sasa naomba itifaki izingatiwe. Mheshimiwa Baba Watoto, mume wangu na mlezi wa kamati; Mheshimiwa Mkwe, bwana harusi, ambaye bado tunamwangalia; Shangazi Mkubwa, Mhazini wa Sahani na Vikombe; Mjomba Kamera, mpiga picha wetu, tafadhali Mjomba toka nyuma ya pazia, miguu inaonekana; majirani wa ghorofa ya juu na ya chini; na ninyi nyote mliojazana sebuleni kwangu mkidhani leo tunaangalia video: hamjambo! (Hatujambo!)

Mimi, Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Viti, na Mkurugenzi Mtendaji wa Kitengo cha Uhakiki wa Vifaa vya Kidijitali, nasimama kifua mbele kutoa taarifa ya utekelezaji. Mtakumbuka niliwaahidi kwamba hakuna kitu cha kununuliwa mtandaoni kitakachoingia kwenye harusi hii bila kupita kwenye Kitengo chetu, kitengo cha kisasa, chenye wataalamu, mashine na mfumo shirikishi wa kwaliti. (Makofi ya watu wawili.) Kadi ilipofika, zoezi nililisimamia mimi binafsi: nilivaa miwani ya mume wangu nikakagua pakiti mbele na nyuma, nikakuta maandishi ya dhahabu, nikasoma maoni ya wateja, nyota tano tupu, nikampa Shangazi aipime mkononi, kitu chenyewe kidogo kama ukucha, akasema ina uzito wa kitu cha maana. (Shangazi: "Na kweli ilikuwa nzito, wifi!") Tukaichomeka kwenye laptopu, kioo kikaandika terabaiti mbili, nami nikaipitisha kwa asilimia mia moja na ushee!

Sasa huyu mwanangu, fundi wa simu asiye na mpinzani, mtoto aliyefungua redio ya baba yake hajaanza hata shule, ikarudi inashika stesheni ambazo hatukuwahi kuzisikia, alinifuata siku moja kabla ya harusi akasema, "Mama, kadi inasema ilichofundishwa kusema. Niachie niijaze mafaili mpaka pomoni, halafu niyasome yote tena. Yakirudi kama yalivyoingia, ni halali. Yasiporudi, tumeliwa." Nikamwambia, "Bibi harusi hagusi kazi. Kaa hapo rangi ya kucha ikauke." Huo ndio uongozi! (Baba Watoto: "Huo ndio ukaidi!") Mheshimiwa, muda wa maswali utafika.

Jana akarudi kwenye kibanda chake, akanakili kwanza kilichosomeka, kisha akafanya lile jaribio nililomkataza. Kadi iliyojitangaza terabaiti mbili ina giga nane! Na ikijaa, ndugu zangu, haisemi imeshiba kama mtu mstaarabu. Inarudi mwanzo kimyakimya na kuandika juu ya vilivyotangulia. (Sauti kutoka jikoni: "Kama yule mgombea wetu!") Kwa hiyo kuingia ukumbini, viapo, pete, na mimi nikicheza, jambo lenye umuhimu wa kitaifa, vyote vimefunikwa na Shemeji akikunja viti huku anatafuna. (Shemeji: "Nimetoka vizuri?") Umetoka vizuri sana, shemeji yangu. Umetoka peke yako.

Chekeni. Lakini chumba cha nyuma amelala mama mkwe wangu, Bibi yake bibi harusi, na mguu wake kwenye plasta. Siku ile alivaa gauni lake la bluu, akajilaza nalo kitandani, akatuambia, "Nendeni, mimi nitaiona yote kwenye video." Kila asubuhi ananiuliza kama imeiva, nami namjibu kiofisi, iko kwenye mchakato. Leo kaniambia, "Mwanangu, huo mchakato wako umenishinda kutafuna. Niambie tu, mtoto aliapa kwa sauti au alinong'ona?"



Nami, mwenyekiti wa kila kitu, sikukisikia kile kiapo. Viapo vilipokuwa vinasemwa nilikuwa nyuma namwelekeza Mjomba pa kusimama.

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyojipa, natangaza Awamu ya Pili ya harusi hii, mubashara, bila kadi, mbele ya kitanda cha Bibi. Kila mtu nguo ileile. Aliyeazima suti akaiazime tena. (Mkwe: "Mama, naoa tena?") Unaoa yuleyule, baba, tulia. Bibi harusi ataapa kwa sauti mpaka majirani wa juu wasikie, mimi nitacheza upya, na viti, Shemeji, ole wako uvikunje kabla sijamaliza. (Vigelegele.)

Mwisho nawashukuru wataalamu wa Kitengo cha Uhakiki kwa weledi wao. Wangekuwepo wangesimama muwapigie makofi, lakini hawapo, hawakuwahi kuwepo, hapakuwa na kitengo, mashine wala mfumo. Palikuwa na miwani ya mume wangu, nayo ni ya kusomea gazeti. Fundi wa kweli tulikuwa naye humu humu ndani, anapuliza kucha. Mwangalieni! Nimemzaa mimi!

Kadi ya mtandaoni! (Ijazwe!) Ikishajaa! (Isomwe!) Bibi harusi! (Apewe laptopu!)

Gauni la bluu limeshapigwa pasi, na safari hii Bibi ndiye mstari wa mbele. Msichelewe: ni Jumamosi, saa nne asubuhi.