Magege wa Ziwa Rukwa Wachague Maji Yao

Sumbawanga,
14 Machi, 1995

Ndugu Mhariri,

Kabla hujaendelea na mstari wa pili, tafadhali funga mlango. Haya ninayokuandikia ni siri kubwa, na nakusihi usimwonyeshe mtu yeyote isipokuwa wasomaji wako, nao uwaombe wasiyatangaze. Mimi ni karani mdogo katika ofisi ya Serikali ambayo siitaji. Mwezi huu inaandikwa orodha ya watumishi watakaopunguzwa, na nina kila sababu ya kuamini kwamba samaki wa Ziwa Rukwa wanataka jina langu liwemo.

Mwezi Februari nilitumwa kushuka bondeni, nipite Muze hadi ziwani, nikawajazie wavuvi sitini na watatu fomu za leseni. Fomu ina maswali mawili yaliyoniponza. La kwanza: samaki ni wa maji baridi au wa maji chumvi? La pili: maji anamovuliwa ni baridi au chumvi? Chini yake kuna onyo kwamba majibu hayo yasipofanana, aliyejaza atatoa maelezo.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. Kitabu cha ofisi kinasema magege, ambao huko kwenu mnawaita perege, ni samaki wa maji baridi. La pili nililipima mwenyewe, kwa kuwa siandiki nisichokijua. Kwetu Kaengesa hata mtoto anajua kwamba maharage yasiyotiwa magadi huchemka mpaka kuni ziishe. Nikachota maji ya ziwa, nikainjika maharage, sikutia kitu. Yakaiva kabla sijamaliza fomu ya nne. Maji ya namna hiyo siwezi kuyaita baridi mbele ya Mungu. Nikaandika chumvi, mara sitini na tatu.

Mkuu wangu, Bwana Leonardi, alipozisoma alivua miwani. “Urbano,” akasema (jina hilo ulifute), “ama una samaki wakosaji, ama mimi nina karani mkosaji. Niambie nimwandikie nani barua ya onyo, maana samaki hawana sanduku la posta.” Akanipa hadi mwisho wa mwezi nitoe maelezo. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nawashtaki samaki, kwa heshima zote, kama ifuatavyo.

1. Wamehamia ziwani bila barua ya uhamisho. Mimi nilipohamishwa kutoka meza ya dirishani kwenda meza ya mlangoni niliandikiwa barua yenye nakala tatu. Magege wameshuka na mito kutoka huku kwetu juu, wakaingia kwenye maji yasiyo yao, wakazaa, wala hakuna balozi wa nyumba kumi aliyearifiwa.

2. Hawajifunzi. Yupo ziwani mama mmoja Msukuma aitwaye Kabula, anayenunua samaki na kuwakausha. Nilimwomba anichemshie gege mmoja bila chumvi, kwa ajili ya uchunguzi. Mhariri, samaki yule ameishi ndani ya magadi tangu yai, na hakuwa na chumvi hata ya kulamba! Nikamweleza Mama Kabula kwamba huu ni ukaidi. Akanisogezea kikopo cha chumvi, akasema, “Kula, mwanangu. Huyo ameshakufa, hawezi kukujibu.”

3. Wavuvi wanawakingia kifua. Nilimshauri mvuvi mmoja, Mzee Ndalahwa, kwa adabu na baada ya kumwamkia, kwamba yeye na wenzake wavue kwenye midomo ya mito peke yake, ambako maji bado ni baridi, ili fomu zilingane. Akaniuliza, “Karani, mamba wa pale mtoni umeshawajazia zao?” Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaangusha wavu. Nami nilikuwa nimeandika swali lake nikidhani ni taarifa.

4. Wanatumia vibaya mageuzi. Nafahamu kwamba siku hizi biashara ni huria na kila kitu ni ruksa, lakini ruksa hiyo alipewa muuzaji na mnunuzi, haikutolewa kwa bidhaa. Hata katika vyama vingi mwananchi anaruhusiwa kadi moja. Gege ana mapezi ya upande huu na makazi ya upande ule, naye anapumua bila wasiwasi.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Katika mtihani wa darasa la saba niliulizwa samaki wa maji baridi huishi wapi. Nikajibu: katika maji baridi. Nikapewa vyema. Ikiwa magege wana haki, jibu langu lilikuwa kosa. Ikiwa lilikuwa kosa, sikustahili kuendelea na sekondari. Na kama sikustahili, basi fomu zote nilizowahi kujaza, za leseni, za vizazi na za vifo, ni batili. Wilayani mwetu wapo watu waliokufa kwa mwandiko wangu. Tutawaambiaje?

Mtu mmoja mropokaji alishauri fomu iongezewe nafasi ya tatu, kwa maji yasiyo huku wala kule. Nilimweleza kwa upole kwamba fomu zimekwisha kuchapwa.

Ombi langu ni dogo. Uchapishe tangazo la kuwapa magege siku thelathini warudi mitoni. Nakala moja ipelekwe mwaloni, wavuvi wanakoteremshia samaki, isomwe kwa sauti ukingoni mwa maji, asubuhi, wakati samaki wako karibu. Wavuvi sitini na watatu wanangoja leseni, na mimi nangoja kujua kama Aprili nitakuwa na meza.

Wape salamu wapangaji wa herufi, wahasibu, mlinzi wa lango na familia zao. Wazee wote wa ofisini kwako nawaamkia.

Ni mimi, ambaye hadi wino huu unakauka bado ni mtumishi wa umma,
Karani.

Nyongeza. Nilikuwa bado sijalamba bahasha orodha ilipobandikwa ukutani. Jina langu ni la tatu. La Bwana Leonardi ni la kwanza, na kitengo chetu chote kimefutwa pamoja na fomu zake. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Lori la Mama Kabula lilikuwa sokoni, ng’ambo ya barabara, likishusha samaki, naye aliponiona alisema kwamba wanunuzi wa Tunduma wanaandika barua kila wiki na yeye hana wa kuzijibu. Naondoka naye leo. Mashtaka yote matano nayafuta. Magege wakae wanapokaa. Ni wanene, ni wazuri, na tunawauza kwa jumla.

Ukitaka kunijibu, usipitishe ofisini. Mpe barua dereva yeyote wa lori la samaki, aiteremshe Muze, ipelekwe mwaloni kwa Mama Kabula. Ukija mwenyewe, vua sweta kabla ya mteremko kwisha, kisha uulizie karani. Wakikuuliza kama ni yule Mfipa wa juu, waambie hapana, unamtafuta wa hapahapa ziwani.