Yanayofuata ni Maongezi

Wananchi wote wa Kanda ya Kati, wakulima kwa wafugaji, wenye maduka kwa wenye mikokoteni, mnatangaziwa kwamba katika kipindi chote cha janga hakuna mtu hata mmoja aliyepatwa na sonona. Tathmini imefanyika kitaalamu, nyumba kwa nyumba. Waliohojiwa ni mia sita na kumi na wawili. Wenye sonona: sifuri. Anayejisikia vibaya aache mara moja, maana anakwenda kinyume na takwimu.

Tangazo hilo lilichapwa na Lydia Sila, karani wa Kitengo cha Tathmini ya Utulivu wa Jamii, hapa Dodoma mjini. Alilichapa vizuri, bila kukosea hata nukta. Kisha akaenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi mezani. Mambo hayo hayana fomu.

Kisa chenyewe kilianza na nesi. Kitengo kilipewa nesi mmoja, Anitha, aliyesomea kusikiliza watu waliovunjika moyo. Mmoja kwa kanda nzima, lakini jamani, mmoja si haba. Ikaamuliwa aende pale mgonjwa atakapoonekana. Lydia aliposikia hivyo akawaza nyumbani. Kwao kijijini Haneti, mama yake, Mama Edina, alikuwa amelala mkekani tangu wamzike baba. Na walimzika watu kumi tu, wamesimama mbalimbali na barakoa zao, bila matanga, bila wa kumshika mama mkono. Lydia akajisemea, tathmini ikifika Haneti, nesi naye atafika Haneti. Akaomba aingizwe kwenye wadadisi.

Mkurugenzi wa Kitengo, Ndugu Bartolomayo, alikuwa mtu wa mpangilio. Alikuwa ameandika Mwongozo wa Upokeaji wa Majibu, kurasa arobaini, na siku ya semina aliusoma wote, akisimama mara mbili tu kunywa maji. Swali la fomu lilikuwa moja: Habari za hapa?

"Ibara ya nne," akasema. "Jibu ni neno la kwanza. Yanayofuata ni maongezi."

Lydia akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, mtu akisema nzuri, ila amefiwa na mke?"

"Kaanza na nini?"

"Nzuri."

"Sasa wewe ni nani umbishie mwananchi?"

Semina ikapiga makofi, chai ikaletwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakualikwa kwenye semina.

Basi wakaingia mitaani. Mtu yeyote aliyelelewa akaleleka anajua kwamba ukiulizwa habari unajibu nzuri. Nyumba yako inaungua, unajibu nzuri, ila nyumba inaungua. Ndivyo tulivyofunzwa, usimtupie mwenzio msiba hata hajakaa. Kitengo hakikuyatunga malezi hayo, kiliyakuta tu, kikashukuru.

Mzee Mohamedali, muuza vitambaa wa mjini, alijibu hivi: "Nzuri, alhamdulillah. Ila binti yangu, tangu Insiya aniache, nafungua duka, nakaa nyuma ya marobota, mteja akija najificha." Insiya alikuwa marehemu mkewe, wa ndoa ya miaka arobaini. Lydia akaandika: Nzuri. Halafu, kwa kuwa moyo wake si jiwe, akaigeuza fomu, akaandika yale mengine nyuma, neno kwa neno. Wadadisi wenzake walipomwona nao wakaanza kugeuza fomu zao. Kule mtaa wa Kikuyu dada mmoja alisema, "Safi tu, ila naogopa kuamka," akaingia nyuma ya karatasi.

Siku ya Haneti, Lydia aliingia nyumbani kwao na fomu mkononi kama mtu baki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za hapa?"

Mama hakuinuka. Nje uwele ulikuwa umemezwa na magugu mpaka karibu na mlango. "Nzuri," akasema, uso ameuelekeza ukutani. "Ila siku haziishi. Namsikia jogoo, halafu nasikia mbuzi wanarudi, hapo katikati sijui nilikuwa wapi. Hata baba yako sijamlilia. Nitamlilia na nani?"

Lydia aliandika nyuma ya fomu mpaka ikajaa, akapandisha maneno pembeni. Akampikia mama uji, akauacha kando ya mkeka, akawahi gari la saa tisa.

Fomu zilipofika kwa Mkurugenzi alizipitia zote kwa kalamu yake nyekundu. Kila palipokuwa na maneno nyuma, aliandika: Maongezi. Alipofika kwa Mama Edina alisita. Akaisoma mara mbili. Akaandika: Maongezi marefu.

Ndipo likatoka lile tangazo. Na kwa kuwa mgonjwa hakuonekana popote, Nesi Anitha akapangiwa kupanga viti vya kikao cha kupongezana.

Kikao kilifana. Wadau walijaa, ndoo ya kunawia mikono iliwekwa mlangoni ikiwa na utepe. Mgeni rasmi, kwa adabu tu, akamgeukia mwenyeji wake: "Mkurugenzi, habari za hapa?"

"Nzuri," akajibu Ndugu Bartolomayo kwenye kipaza sauti. "Ila sijalala tangu mwezi wa tatu."

Ukumbi ukacheka, ukidhani anajisifu kwa uchapakazi. Yeye hakucheka. "Kila asubuhi nafika hapa nje, nakaa ndani ya gari saa nzima. Mkono uko kwenye kitasa, lakini kufungua mlango siwezi. Kaka yangu nilimzika kwa simu. Mtu alinishikia simu pale kaburini, chaji ikaisha hata hawajamshusha."

Lydia, aliyekuwa anaandika muhtasari, akainua kalamu. "Mheshimiwa, niandike?"

"Andika. Yote."

Hivyo Kanda ya Kati ikapata mgonjwa wake wa kwanza, na kwa mujibu wa taratibu nesi akapelekwa alikoonekana, yaani ghorofa ya pili. Kesho yake Anitha akabisha hodi, akakaa, akafungua jalada.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Habari za leo?"

"Marahaba. Nzuri, ila..."

"Ahsante." Akaandika, akalifunga jalada. "Hongera, umepona."

"Nesi! Hata sijaanza!"

"Yanayofuata ni maongezi, Mheshimiwa. Ibara ya nne." Akamwonyesha ukurasa, na saini iliyokuwa chini yake.

Ndugu Bartolomayo aliitazama saini yake. Akachukua kalamu nyekundu, akaifuta ibara ya nne, akagonga muhuri. "Haya," akasema, akivuta kiti karibu. "Sasa nisikilize."

Lydia alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia boksi la fomu. "Samahani, Mheshimiwa. Kama ibara imefutwa, basi yaliyoandikwa nyuma nayo ni majibu." Akalitua boksi mezani. "Wenye ila ni mia nne na saba. Wewe umeingia jana, kwa hiyo ni wa mia nne na nane."

Mkurugenzi akachungulia ndani ya boksi. "Na anayeanza ni nani?"

"Hilo ulishaamua mwenyewe kwa wino mwekundu. Wote umewaandikia maongezi. Mmoja tu umemwandikia marefu."

Anitha alipanda gari la Haneti mchana uleule, bila fomu hata moja. Alikaa kwenye kigoda kando ya mkeka, akauliza habari za hapa. Mama Edina akajibu nzuri, akasubiri nesi ashukuru na kuaga. Nesi hakuaga.

Siku ya tatu Ndugu Bartolomayo alishuka mwenyewe mpaka kwenye meza ya Lydia. Lydia alikuwa na simu sikioni, Anitha akiwa upande wa pili. Nyuma ya Anitha alisikia sauti ya mama yake ikimlilia baba kwa nguvu, kama watu wanavyolia msibani, na majirani wakiitikia.

"Lydia," Mkurugenzi akauliza taratibu, "foleni imesogea?"

Lydia alifuta macho kwa kiganja.

"Haijasogea, Mheshimiwa. Mama yangu bado anaongea."