Unga wa Kuzuia Kutu na Dripu ya Mama Mkubwa

Jamani, leo nimeaibika mbele ya watu kumi na mmoja, na saba kati yao walikuwa wametundikiwa dripu, hawakuweza hata kunikimbia.

Mnajua nauza ule unga wa zambarau. (Wasiojua watajua. Nina maboksi.) Kwenye semina ya wauzaji kule mtaa wa Kamwokya tulifundishwa kwamba mwili unashika kutu ndani kwa ndani kama bati, na unga wetu ndio rangi ya kuzuia kutu. Niliposikia hivyo nikamfikiria Mama Mkubwa, dada yake mama, aliyenilea tangu tulipotoka Bukavu kuja nchi hii. Ana saratani. Tangu mwezi jana, kila asubuhi namkorogea vijiko viwili kwenye uji. Nilishajiona jukwaani: yeye kapona, mimi nakabidhiwa funguo za gari la muuzaji bora.

Leo hospitalini ilikuwa zamu yake ya tatu ya dawa. Dawa yenyewe ina madini ya platini. (Mara ya kwanza nilihofia askari wa getini na kile chombo chake kinacholia kikipita karibu na chuma.) Majibu ya damu yametoka vizuri, dripu ya maji inaingia, dawa iko njiani. Mama Mkubwa kafumba macho, anasali kimya. Wagonjwa wengine wamekaa tu, wanaangalia ukuta. Nikawaonea huruma. Nikasimama na mkoba wangu wa paketi.

"Wapendwa, mnajua kwamba mwili unashika kutu?"

Wakanisikiliza! Mzee mmoja akaomba paketi. Nikampa. Nikaeleza kwamba unga huu unalinda kila seli mwilini, haubagui. Nikapaza sauti: "Kila seli!"

"Hata ya saratani?"

Nikageuka. Daktari. Amesimama mlangoni, na sijui alifika saa ngapi.

"Hata... hiyo, Daktari."

Hakucheka. Akachukua paketi mkononi mwa mzee, akasoma nyuma.

"Sikia, binti. Platini inaingia kwenye seli ya saratani inaiharibu, na sehemu ya kazi yake ni hiyo kutu yako. Sisi tunataka ishike kutu. Wewe unaipaka rangi! Hatujui unga huu unaikinga kiasi gani, na kwa kuwa hatujui, humu hauingii. Kuna mgonjwa ameshautumia?"

Nikasikia matone ya dripu. (Hayana sauti. Leo niliyasikia.)

Muuguzi naye akaingia na chupa ya dawa. Nikiongea, huenda Mama Mkubwa akarudishwa nyumbani bila dawa. Nikinyamaza, huenda dawa ikaingia bure. Magoti yakakata shauri yenyewe. Nikajikuta nimepiga magoti sakafuni, kama wasichana wa hapa wanavyosalimia wakubwa, ila mimi nilikuwa nalia, na paketi zimemwagika kutoka mkobani.

"Mama Mkubwa wangu. Vijiko viwili. Kila asubuhi."

Muuguzi akaishusha chupa. "Ai, nyabo, dada! Mwezi muzima?"

Daktari akasogea kwenye kiti cha Mama Mkubwa. "Mama, mara ya mwisho kuunywa ni lini?"

Mama Mkubwa akafungua jicho moja.

"Sijaunywa hata siku moja, Daktari. Ule uji una ladha ya sabuni. Nampelekea baba mwenye nyumba."

"Mama Mkubwa!"

"Sasa mwanangu, unakoroga huku unaimba. Ningekukatiza vipi?"

(Kumbe ndiyo sababu yule baba siku hizi ananiita binti mwema.)

Mzee wa paketi ndiye aliyeanza kucheka. Wakafuata wote, kila mmoja kaushikilia mkono wake wenye sindano isichomoke. Muuguzi akaegemea ukuta. Daktari akajifunika uso kwa faili, mabega yanatikisika.

"Waache wacheke, inawafaa," akasema. "Sista, tundika dawa."

Ikatundikwa. Tone la kwanza. La pili. Mama Mkubwa akafumba tena lile jicho, na mimi bado niko chini naokota paketi kwenye miguu ya viti, machozi yananitoka, safari hii ya furaha.

Kwa hiyo nawaomba nyinyi msicheke. Wale wa wodini wameshacheka kwa niaba yenu, tena kwa ruhusa ya daktari.